Kola ya Ndani

Fundi alijua shingo za mtaa mzima. Ya mwoka mikate ilikuwa arobaini na moja, ya kinyozi thelathini na saba, na zote alizihifadhi kichwani. Shingo ambayo hakuwahi kuipima ni yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa imenenepa pole pole mpaka kidevu na kifua vikawa majirani.

Mwaka huo usingizi wa mchana ulimwandama. Alisinzia akikata kitambaa, akasinzia mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Siku moja mwalimu alikuja kuchukua suruali yake, akaivuta, na Fundi akaja nayo. Alikuwa ameshona mkono wa shati lake mwenyewe kwenye pindo.

"Fundi, mimi niliagiza suruali tu," mwalimu akasema.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Fundi naye alicheka, lakini lililomkaa rohoni lilikuwa lile la mto. Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala pamoja, mkewe alikuwa amehamishia mto wake sebuleni.

"Kwani kukoroma ni kosa?" alimuuliza jioni ile.

"Ungekuwa unakoroma tu, baba, ningeziba masikio. Wewe unakoroma, halafu kimya. Na mimi nabana pumzi nikikungoja. Utaniua kwa kukusindikiza."

Kesho yake akamburuta zahanati. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, kisha akamzungushia futi shingoni.

"Arobaini na tano, mzee."

"Binti yangu, hujui kupima. Kola hupimwa kidole kikiwa ndani." Akamnyang'anya futi, akaingiza kidole, akasoma kwa madaha: "Arobaini na saba."

"Hongera," mkewe akasema. "Umejiongezea ugonjwa kwa mkono wako."

Muuguzi alipomaliza kucheka, akaeleza. Mafuta ya shingoni huielemea njia ya hewa mtu akilala. Pumzi hukatika, mwili unashtuka kuitafuta, tena na tena, na mwenyewe hana habari. Hata watu wembamba hupatwa, ila unene huzidisha. Atapimwa akiwa usingizini, na huenda akapewa mashine ya kumpulizia hewa. Mwili nao upungue.

Fundi akajishika koo. "Kumbe ni kola. Kola ya ndani, na imebana."

"Na hiyo haifumuliwi kwa wembe," mkewe akamjibu.

Akashona shati la kola arobaini na saba, akalitundika ukutani. Mashine akapewa, akawa analala nayo puani. Soda akaiacha, sahani ya pili akaiaga kwa huzuni, na kila asubuhi akatembea hadi sokoni na kurudi. Kila Jumamosi alilivaa lile shati, mkewe akapima. Mwezi wa kwanza kiliingia kidole kimoja, tena kwa shida. Wa nne viliingia viwili. Wa tisa mkewe alizamisha kiganja kizima, akamtekenya. Fundi akatimua mbio kuizunguka meza ya kukatia, mke nyuma na futi mkononi, wateja wakishangilia. Wala hakuhema.

"Niipunguze kola?" akauliza.

"Thubutu. Mkono wangu ukae wapi?"

Alasiri hiyo mto ulitoka sebuleni, umebebwa kichwani kwa maringo kama mtungi wa bibi harusi.