Zeituni Zilizokunjamana za Mzee Yani

Siku niliyokwenda mjini Musoma kutafuta zeituni naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa jina la mtaa wenye duka lile limenitoka.

Nyumbani kwetu Kigera alipanga Mgiriki mmoja, Mzee Yani, fundi wa mitambo ya kuchambulia pamba kule Bunda. Mitambo ilipokosa vipuri ikasimama, wenzake waliondoka, yeye akabaki. Miaka ile ya kukosa sabuni na sukari alikula nasi muhogo bila kunung'unika. Maduka yalipoanza tena kujaa vitu vya nje, ndipo akaugua malaria. Homa ilimtoka, lakini chakula kikamshinda. Nilimpikia uji, nikampikia mchuzi wa sato. Anaonja, anageukia ukutani. Mwili ukaisha. Tuliogopa atatufia.

"Anaringa huyu," nilimwambia bibi yangu, mama yake baba.

"Haringi. Wewe unampelekeaga sahani tu. Umeshamuuliza anataka nini?"

Nikaenda kumuuliza. Akanigeukia, akasema, "Zeituni."

"Zile za kwenye Biblia?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

Mzee Yani akacheka, mara ya kwanza tangu augue. "Ziko nyingi, mama. Za Kalamata zimechongoka, rangi kama zambarau, zinakaa kwenye siki. Za Halkidiki ni za kijani, kubwa, nyama yake ngumu, wanazijaza vitunguu saumu. Kwetu kisiwani Thasos tunaziacha ziive mpaka ziwe nyeusi, halafu tunazifukia kwenye chumvi. Zinakunjamana kama mimi. Ukiziona utadhani zimeoza. Hizo ndizo zangu."

Nilimpata mwenye duka mmoja aliyekuwa akileta mizigo kutoka Nairobi. Zeituni alikuwa nazo, chupa zimejaa vumbi, maana walioonja walizitema. Akanisogezea zile kubwa za kijani.

"Chukua hizi, binti. Hizo nyeusi zilizokunjamana zimeharibika, nataka kuzitupa."

"Nipe hizo hizo," nikasema.

Njia nzima nilijiuliza. Je, kama zimeoza kweli?

Mzee Yani alifungua chupa, akanusa. Akaweka moja mdomoni, akafumba macho, akatema kokwa kiganjani. Kisha akamega tonge kubwa la ugali wa muhogo, akalila. Akamega jingine. Bibi akaketi pale pale sakafuni, akasema, "Asante Mungu," na mimi nikashusha pumzi, nikalia. Baada ya muda si mrefu tulikuwa tunamwona uani, anatengeneza baiskeli za majirani.

Mwanangu, utapokea wageni na utauguza watu. Usidhani umemhudumia mtu kwa kuwa umempelekea sahani. Kaa naye, umuulize alikula nini kwao, na akianza kueleza msikilize mpaka amalize. Mimi ningesikia neno zeituni nikakimbia, ningerudi na zile za kijani, naye angegeukia tena ukutani.

Mungu akupe subira ya kusikiliza. Na siku wewe utakapolala mgonjwa ugenini, akuletee mtu wa kukuuliza.