Siku ya Wafanyakazi niliyowafungia kazi wachambuaji kahawa wa Bwera

Wakuu, natumaini mko salama. Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na utetezi sitafika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifunga banda la kuchambulia kahawa Siku ya Wafanyakazi, nikatia ufunguo mfukoni, nikajiona mtu wa haki.

Haya yalitokea. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni karani kwenye ghala moja la kahawa hapa Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Congo. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa simu. Barua naisoma mara sita kabla ya kuituma, na mara ya saba nikishaituma, wakati haisaidii tena.

Kahawa inashuka kutoka Kyarumba na milima ya jirani. Akina mama kumi na wanane wanakaa chini bandani na nyungo zao, wanatoa punje nyeusi na zilizovunjika, moja moja.

Wakati ule walilipwa gunia likijaa. Gunia lisilojaa halikupimwa. Barua za ajira hawakuwa nazo.

Wenye barua tulikuwa watano: meneja, mhasibu, dereva, afande wa getini na mimi.

Mwaka ule meneja alitaka tuandamane Kasese mjini. Lakini watu watano nyuma ya bango la mita sita wanaonekana kama wameliokota njiani. Akaniambia, "Ongeza wale wamama."

Nikaongeza. Orodha niliichapa mara tatu kwa sababu mstari mmoja ulikaa vibaya.

Rangi ya fulana ilinichukua siku mbili. Njano ni chama cha siasa, nyekundu ni chama, buluu ni chama, kijani ni chama. Tukabaki na kijivu.

Afande, mwanajeshi mstaafu, akawafundisha gwaride uani.

"Kushoto! Wewe mama wa mwisho, hiyo ni kushoto ya nani?"

"Ya kwangu, afande. Iko na shida?"

Jioni ya kuamkia sikukuu nikabandika tangazo mlangoni: KESHO NI SIKU YA WAFANYAKAZI, KAZI HAKUNA. Nililinyoosha kwa rula.

Asubuhi, saa moja, lori lilikuwa getini. Wamama walifika wote, kwa wakati, wamevaa fulana. Kila mmoja na ungo wake.

"Karani, fungula," akasema Mama Masika, mkubwa wao, mtu wa upande wa Congo.

"Mama, leo ni siku ya wafanyakazi."

"Njo maana tumekuja kufanya kazi."

Wenzake wakacheka.

Akanieleza taratibu, kama anayefundisha mtoto. Mjukuu wake alikuwa na jicho linalotoa usaha. Daktari wa macho huja Bwera mara moja kwa mwezi, na alikuwa anakuja kesho yake. Gunia lake lilikuwa limebakiza robo kujaa. Likijaa leo, kesho ana cha kumnunulia mtoto dawa.

"Nikienda ku Kasese, nani atalijaza? Hii fulana?"

Nikampigia meneja, ambaye alikuwa ameshafika Kasese. Akasema maneno mawili: "Lete watu." Akakata.

Wakuu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kufungua. Badala yake nikasema, "Saa saba tutakuwa tumerudi, mama. Naahidi." Sikuwa na msingi wowote wa kuahidi hivyo. Nilikuwa naogopa bango litakosa watu.

Wakapanda. Nyungo wakampa mlinzi wa usiku, kibarua kama wao, azitunze.

Tuliandamana vizuri sana. Mistari ilinyooka, nakiri nilifurahi. Kisha tukamsubiri mgeni rasmi juani mpaka saa nane.

Alipofika akasema wafanyakazi wote wanyooshe mikono juu.

Wamama hawakunyoosha. Waligeuka kunitazama.

"Karani," Mama Masika akanong'ona, "na sisi tuko ndani?"

Nikamwambia, "Nyoosha tu, mama." Akanyoosha nusu, mpaka usawa wa sikio.

Bwera tulirudi saa kumi na mbili jioni. Gunia lilibaki vilevile, robo bado.

Mtaniuliza kwa nini sikumsaidia kutoka mfukoni mwangu. Sikujua kwamba hakwenda kwa daktari, nilijua wiki iliyofuata. Na sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilikuwa nakunja fulana kwa kufuata saizi.

Mtoto alisubiri mwezi mzima. Jicho lilipona, lakini daktari alisema limebaki na ukungu kidogo. Mama Masika hakunilaumu. Alisema tu, "Ulikuwa unaogopa, mutoto yangu. Nilikuona." Bora angenitukana.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anayelipwa kwa gunia, ukimpa mapumziko bila malipo umemnyang'anya siku. Na mimi niliyesoma sheria za kazi usiku kucha kwenye simu sikuliona hilo, kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye barua ya ajira.

Wenye ghala, mashamba na viwanda, kwenu vibarua wanaishije siku hii? Semeni ukweli, na kunisema pia ruksa.

Barua za ajira bado hawajapata. Meneja nilimwandikia mara nne, akakubali jambo moja: siku hizi kila jioni tunapima na kulipia kilichochambuliwa, hata kama gunia halijajaa.