Gharib na Asali ya Genge

Mjomba wangu Gharib alikuwa mwenye duka kwa jina tu. Zamani za Wadachi, duka lake pale Nyakakika lilikuwa na kaniki, chumvi na shanga, lakini mara nyingi wateja walikuta mlango umerudishiwa na mwenyewe yuko ziwani, ananing'inia kwenye genge kama popo, kienge cha moshi mkononi, akifukuza nyuki kwenye nyufa za mwamba. Nta aliwauzia wafanyabiashara wa Bukoba. Asali alikula na mkewe, Mwanahalima.

Genge lile halishukwi bila mtu wa kushika kamba juu. Kwa warina asali wa huko mtu huyo huwa shemeji, ndugu wa mke, maana ndiye asiyetaka dada yake awe mjane. Kamba ya Gharib ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe iliyosokotwa, na mshikaji wake alikuwa Othman, kaka yake Mwanahalima, aliyekuja kutoka Kaisho kila msimu wa asali. Walipendana sana wale wawili.

Mwanahalima yeye alilichukia genge. Mwaka jirani mmoja alipoanguka akafa, aliichukua kamba ya mumewe akaikatakata, akawagawia wachungaji wafungie ndama. Gharib aliyajua hayo dukani, na mteja mmoja akacheka. Basi mjomba wangu, ambaye hasira zake zilikuwa karibu kuliko akili zake, akamwita mkewe akamwambia mbele ya watu wote: "Nimekuacha." Talaka, kwa ajili ya kamba! Hata leo nikisimulia damu inanichemka. Mwanahalima alifunga nguo zake akaenda Kaisho kukaa eda kwa baba yake.

Kabla jua halijazama Gharib alikwisha kujuta, na dawa ilikuwapo. Baba yake alikuwa mtu wa pwani na alimfundisha sheria: mke wa talaka moja, eda ikiwa haijaisha, hurejewa kwa neno tu. Lakini mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa Mnyambo, na kwa watu wa bibi aliyemfukuza mke humfuata ukweni na mtungi wa rubisi. Mwislamu hawezi kubeba pombe, kwa hiyo Gharib akaazimia kubeba asali.

Othman alikuja mwenyewe kumwona.

"Shemeji, sema tu umemrejea. Nitalifikisha neno lako leo hii."

"Nimfukuze mbele za watu, kisha nimrudishe kwa maneno matupu? Mkono mtupu haulambwi. Twende gengeni ukanishikie kamba, nimpelekee asali."

"Nikushikie kama nani? Aliyemwacha dada yangu si shemeji yangu. Mrejee kwanza, ndipo uniite."

Neno lilikuwa mdomoni mwa mjomba, akalimeza. Othman akarudi Kaisho peke yake.

Gharib akasokota kamba mpya, akaifunga kwenye mti ulioota ukingoni, akashuka bila mtu juu. Masega aliyapata na kibuyu kikajaa. Alipokuwa akipanda, kamba ilisagika kwenye ncha ya jiwe, na hapakuwa na mtu wa kuisogeza. Ikakatika. Aliangukia kwenye majani ya kando ya maji, akavunjika paja. Kibuyu alichokuwa amekikumbatia hakikupata hata ufa.

Mchungaji mmoja mzee alimwokota, akamlaza kwenye kibanda chake na kumfunga mguu kwa vijiti. Mzee yule alikuwa na safari ya kupeleka ng'ombe Kaisho, akamwuliza, "Una neno la kupeleka kwa watu wako?"

"Nitapeleka mwenyewe," mjomba akajibu, na kibuyu kipo kichwani pake.

Naapa, laiti ningekuwapo ningemtoa neno lile kwa koleo.

Siku alipoweza kusimama alishika njia ya Kaisho, fimbo mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili. Othman alimkuta uani. Akautazama ule mguu, akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka chini taratibu.

"Eda imekwisha, Gharib," alisema. Hakumwita shemeji. "Baba amemwoza kwa Abdulatifu wa Bukoba. Wameondoka juzi."

Mjomba akakaa palepale chini. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, kama Mwanahalima alijua kwamba anatafutiwa asali.

"Alijua, nilimwambia," Othman akasema, naye analia. "Lakini dada alimkimbilia njiani kila aliyetoka Nyakakika, na swali moja tu: 'Amesema?' Hata yule mzee wa ng'ombe aliulizwa hivyo. Asali hakuiulizia hata siku moja."