Swali Lililoulizwa Mbele ya Mjomba

Kaka yangu alisoma shule ya kati, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa uraia. Mwalimu wao aliwaundia baraza lao darasani: mmoja mtemi, mwingine karani, wengine wazee. Kila mwenye neno alisimama mwenyewe akalisema. Wakati wa likizo kaka alinifundisha mimi huku nikichambua mboga, nami nilikuwa raia mkaidi kwelikweli.

Mwalimu akawapeleka kwenye baraza halisi la mtemi, wakaone utawala unavyokwenda. Siku hiyo mama na mimi tulikaa upande wa wanawake. Ilisomwa amri ya kupunguza ng'ombe. Bwana Shauri, Mwingereza wa wilaya, alisema wanamaliza ardhi. Mtemi akauliza kama kuna mwenye neno. Kaka akasimama na kaptula yake ya shule, akaamkia, akauliza kwa adabu: wenye ng'ombe waliitwa lini kushauriwa?

Mtemi wala hakukasirika. Alijibu kwamba wataitwa. Lakini mimi nilikuwa namtazama mjomba, kaka mkubwa wa mama na mlipaji wa karo ya kaka, aliyekaa mbele. Kwetu Iramba wakati ule mtoto alikuwa wa mjomba kabla ya kuwa wa baba. Kijana mwenye neno barazani alimnong'oneza mjomba wake, na mjomba ndiye aliyesimama. Darasani hapakuwa na wajomba, basi kaka akasahau. Mbele ya watu wote alikuwa ametangaza kwamba hana mtu.

"Mdogo wangu, mwanao amekua," mjomba alimwambia mama jioni ile. "Ajisemee. Na shule ajipeleke."

Mama alipiga magoti. Kaka aliomba radhi, akalia. Mjomba akatazama pembeni. Shule ilipofunguliwa, kaka alikuwa machimboni Sekenke, anabeba mawe. Nilimchukia mjomba, na namchukia bado, ingawa amekufa na msibani nilimlilia kama ilivyonipasa.

Mwaka uliofuata mjomba hasira zilimwisha, akamfuata kaka Sekenke kwa miguu. Kaka alimwamkia, akampikia ugali, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amechelewa, wenzake wameshapita. Hakurudi shule.

Uhuru ulipokuja mikutano ikawa mingi, na kaka alihudhuria yote. Alikaa nyuma, hakufungua mdomo. Kisha ikaja siku ambayo mkutano wa kijiji ulipanga barabara ipite katikati ya shamba lake. Mwenyekiti, kijana mpole tu, akauliza kama kuna mwenye neno, akangoja, akauliza tena. Nilimsukuma kaka kwa kiwiko. Akainamisha kichwa. Nikasimama mimi nimsemee.

"Mama, kaa," mwenyekiti akasema taratibu. "Mwenye shamba yupo, na hajasema kitu."