Mtungi Uliopulizwa Dawa

Aliyeharibu pombe ya kumuaga mume wangu ni mdogo wake wa tumbo moja, shemeji yangu. Nalisema hili kwanza kwa sababu kule kwao Tororo mpaka leo wanasema marehemu alikataa. Marehemu hakukataa kitu.

Tulikuwa wote wawili juu ya lori la mahindi lililopinduka karibu na Sikuda. Yeye alikufa palepale. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Ukoo haukunisamehe kupona. Ikabaki lumbe, sherehe ya mwisho ya kufunga msiba wa marehemu na kutaja mrithi. Kwenye ukoo ule, malwa, pombe ya wimbi ya lumbe, anaipika mjane mwenyewe, kwenye mtungi wa nyumba ile. Ikiiva vizuri, mume amemkubali, anabaki na nyumba na shamba. Ikilala bila kuchacha, mjane ameonyeshwa njia ya kuondoka.

Mtungi niliachiwa na mama mkwe. Haukuwahi kuona sabuni. Unasuguliwa kwa majani, unafukizwa moshi, basi. Ukiinama ndani unanusa pombe ya miaka yote.

Shemeji alikuwa anauza dawa ya kopo pale Busia, upande wa Kenya. Ya kupuliza viatu, viti vya bodaboda, kuta za jikoni. Nano, anaiita. Alikuja nayo siku ninakaanga unga wa wimbi. Akapuliza kitambaa changu cha kichwa, akakimwagia maji, maji yakakimbia kama kwenye jani la nduma. Nilicheka, sikatai.

"Umeona, shemeji? Maji hapana shika. Na vijidudu ikigusa hapa, inakufa."

"Haya, nimeona."

"Sasa huu mtungi wako unatoka jasho kama mzee anapanda mlima. Utamwagia kaka pombe yake chini?"

"Wacha mtungi wa mama."

"Kwani nitaukula?"

Nikaenda kisimani. Niliporudi, mtungi uko juani, unang'aa nje na ndani, na kopo tupu limelala kando yake. Kosa langu nalitaja pia: ningepiga kelele siku ileile, watu waje waone. Lakini nilikuwa mjane kwenye kiwanja cha watu, nikanyamaza. Nikamimina unga, kimea na maji, nikafunika.

Malwa ikianza kuiva, ukitega sikio unasikia kama mtu anatafuna mahindi chumba cha pili. Nilitega siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Unga uliobaki nilikuwa nimeuloweka kwenye ndoo ya plastiki, kimea kilekile, maji yaleyale, na ndoo ilifura povu mpaka mfuniko ukainuka. Sijasoma kupita darasa la nne, lakini niliketi pale chini nikaelewa. Dawa ya kuua vijidudu itajuaje hiki ni cha ugonjwa, hiki ni cha pombe? Au labda ile harufu yake kali ndiyo iliingia, sijui. Ninachojua, ndoo iliiva na mtungi ukalala.

Siku ya lumbe walikuja na mirija yao ya kunyonyea pombe. Baba mdogo wa marehemu, mkubwa wa ukoo, akafunua, akanusa, akafunika tena.

"Imelala."

"Baba, ni dawa. Mtungi umepulizwa dawa. Angalia." Nikamwaga maji mdomoni mwa mtungi, yakaviringika kama shanga mpaka chini. Kisha nikaleta ndoo. "Pombe ni hii hapa, imeiva."

"Mwanamume anaagwa kwa ndoo ya kuogea?"

Watu wakacheka. Shangazi yao mmoja akadakia, "Hata wewe walikupuliza hiyo dawa! Lori limepinduka, kifo kikateleza."

Wakacheka zaidi. Nikamgeukia shemeji. "Sema."

"Mimi nilipuliza nje tu, shemeji. Ya ndani sijui." Akawa anakagua mrija wake.

Wakamtaja yeye mrithi. Nyumba yake, shamba lake. Mimi nikaambiwa nivune muhogo, niende.

Walirudia lumbe baada ya mavuno. Jirani aliniambia pombe waliinunua kwa mama mmoja wa sokoni, ikaja kwa madumu ya plastiki juu ya bodaboda, wazee wakanyonya mpaka wakalala kwenye mikeka. Hakuna aliyeuliza kama marehemu ameikubali.

Sasa nimepanga chumba Busia, nauza sukuma wiki kwa mkono mmoja mzima na mwingine usionyooka. Shemeji ameng'oa migomba yangu, amepanda mahindi mpaka mlangoni. Ni yeye, na baba mdogo yule, na shangazi yule. Watatu hao. Wakifa, wasinitafute kupika.