Firigisi ya Babu

Nikikutana na mtu wa kwetu Navakholo mjini Kakamega huwa najifanya natafuta kitu kwenye simu, maana najua ataniuliza tu, "Wewe si ndiye yule wa firigisi?", na kwa kweli ni mimi, kwa hivyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imetiwa chumvi.

Jina langu ni Makokha. Ni jina la babu, aliyefariki baba yangu akiwa bado ananyonya, na kwetu ukirithi jina la mtu umerithi na mke wake, yaani nyanya yangu, Kukhu, hajawahi kuniita mjukuu hata siku moja. Ananiita mzee wangu. Nikichelewa kumtembelea analalamika kwamba nimeoa mwingine mjini. Utotoni nilicheka, lakini nilipoingia chuo kikuu kusoma fizikia nikaanza kukereka (nilikerwa na mengi siku hizo, hata maombi ya kubariki safari ya kwenda sokoni), na kilichonikera zaidi ni firigisi. Kila kuku akichinjwa Kukhu ananiwekea mimi, kwa sababu firigisi ni ya mwenye nyumba, na kila mara naisukuma pembeni nikimwambia, "Kukhu, mimi si babu."

Basi Desemba iliyopita ukoo ukakusanyika kwa ibada ya kumkumbuka babu, mahema mawili, mchungaji, spika kubwa ya kukodi. Wakati wa chakula Kukhu akapita katikati ya watu na fimbo yake, akaweka mbele yangu kisahani chenye firigisi moja.

"Kula, mzee wangu."

Ningeila, yangeisha. Lakini nikasema, tena kwa sauti, kwamba siwezi kula kitu cha mtu mwingine, na baba mdogo Wafula, mtoto wa ndugu yake babu, aliyekuwa ndiye mshereheshaji na anayependa vituko, akaninyooshea maiki. "Hebu msomi atueleze!"

Nikaeleza. Jamani, nikaeleza! Nikasema kama mimi ndiye babu, basi nimemzaa baba yangu naye akanizaa mimi, na kama ningeweza kurudi nyuma katika wakati nikamzuia babu asimwoe Kukhu, nisingezaliwa, na nisipozaliwa, ni nani huyo aliyerudi kumzuia?

"Hii ndiyo wanafundishanga huko?" senje Rosa, dada yake baba, akamuuliza jirani yake.

Hapo ningeketi. Badala yake nikasema kwamba wapo wanaolifumbua fumbo hilo kwa kusema wakati hugawanyika kama njia panda, dunia mbili zikaendelea sambamba bila kuonana, na kwa kuwa watu walikuwa wamenikodolea macho tu, nikachukua kisu nikaikata firigisi vipande viwili.

"Hiki ni ile dunia ambayo babu alipanda trekta la miwa kwenda Butali," nikasema. Kisha nikainua kile kingine kwa uma. "Na hiki ni ile ambayo alibaki nyumbani."

Senje Rosa akaweka sahani yake chini. Nilijua vizuri kwamba siku ile trela la trekta hilo lilipinduka njiani likamuua, na ndiyo maana niliuchagua mfano huo, niliuona mfano safi kabisa (huo ndio usomi wangu). Nilipoona uso wa Kukhu nikashusha uma haraka, kipande kikateleza kutoka kwenye uma, na kabla hakijatulia chini mbwa wa Wafula alikuwa amekimeza.

Watu wakaangua kicheko, kile cha watu waliokuwa wamekaa kimya tangu ibada ianze. Kukhu hakucheka. Alivuta kiti akaketi karibu nami, na mimi, mjinga, bado nimeshika maiki, haijazimwa.

"Makokha," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Asubuhi ile kaka yangu alikuja kututembelea. Firigisi nilimpa yeye. Wewe ulinyamaza tu. Ukaondoka bila kula."

Nikaweka uma chini.

"Kwa hiyo dunia yako nyingine," akauliza polepole, "nilikupa?"

Majibu nilikuwa nayo: kwamba hakuna ushahidi, kwamba hayo ni mahesabu ya watu tu. Nimewahi kubishana na wahadhiri mpaka wakatoka darasani.

"Ulinipa, Kukhu."

"Ukabaki?"

"Nikabaki."

Akamtazama mbwa, aliyekuwa bado anajilamba. "Basi ile imeenda na mbwa," akasema. "Kula hii. Ndiyo tuliyo nayo."

Nikala. Ilikuwa imepoa na ngumu kama soli ya kiatu, nikaitafuna muda mrefu huku machozi yakinitoka na kila mtafuno ukisikika kwenye spika mpaka barabarani, ambako waendesha bodaboda walikuwa wamesimama kusikiliza.

Bado siamini kwamba mimi ni babu, na zile dunia nyingine nazo bado nazidai ushahidi. Lakini maiki sishiki tena nikiwa sijamaliza kula, na firigisi ya Kukhu sitaisukuma tena maishani. Jumapili iliyopita niliila yote, yeye amekaa ananitazama.

"Umeshiba, mzee wangu?"

"Nimeshiba," nikamwambia. "Na leo siendi popote."