Bingwa Asiye na Mji

Nilizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni ya migodi, na baba yangu, aliyeletwa kutoka jimbo jirani la Kasai kuchimba shaba, amezikwa huko huko. Kwa miaka sita niliendesha katika mashindano ya klabu ya magari ya mji. Yalikuwa magari ya kawaida ya familia. Tuliyang'oa viti vya nyuma na kuyapaka namba milangoni. Nilishinda mara nne. Mwenyekiti wa klabu, karani mwenye tai fupi, alinivika maua na kuniita "mutoto ya Kolwezi".

Kisha wakubwa wa jimbo letu, Katanga, wakasema redioni kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kampuni ilikuwa imeshaanguka, na kilichobaki cha kugawana ni nafasi zetu.

Mwenyekiti alikuja nyumbani mchana na wajumbe wawili. Akanywa chai ya mke wangu, akaisifu.

"Tata," aliniambia kwa heshima, "komite ilikaa. Weye hauko tena memba. Si sisi, ni hali."

"Mi nilizaliwa hapa."

"Tunajua. Tuliandika ile mu barua."

Kweli barua ilinisifu kwa ukurasa mzima. Mstari wa mwisho uliomba niache gari, tangi likiwa limejaa, kwa kuwa Jumapili kulikuwa na mashindano. Mke wangu alicheka mpaka akalia. Mimi, kwa aibu yangu, nilibadilisha hata oili. Gari lile nililipenda.

Tulihamia stesheni pamoja na maelfu ya wenzetu, chini ya maturubai, kungoja treni. Jumamosi mpinzani wangu wa miaka yote, aliyekabidhiwa gari langu, alikuja kwenye uzio wa stesheni, uliolindwa na askari. Hakunitazama usoni.

"Ile kona ya stesheni," aliuliza, "unapunguzaka wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia kweli: apunguze kwenye nguzo ya pili ya umeme, si ya kwanza. Akanishukuru, akaniachia mkate.

Jumapili sisi tuliofukuzwa ndio tuliokuwa watazamaji wengi kuliko wote. Magari matano yaliondoka. Kwa kuwa mafundi karibu wote walikuwa wamekaa nasi juu ya magodoro, kufikia mzunguko wa kumi lilibaki moja, langu. Nalo likakohoa na kuzimika mbele yetu.

Mpinzani wangu alishuka, akafungua boneti, akabaki ameshika kiuno. Fundi wangu, mzee wa makamo, alimwomba askari ruhusa ya kuvuka uzio. Askari alifikiri kidogo, akamruhusu. Fundi alisafisha kabureta, akaliwasha gari, akafuta mikono kwa shati lake, akasindikizwa kurudi kwa waliofukuzwa.

Gari lilimaliza peke yake. Katika hotuba yake mwenyekiti alisifu ufundi wa wana wa nchi. Kipaza sauti kilikuwa kizuri. Tulisikia kila neno.

Treni ilikuja Jumanne, mabehewa ya mizigo. Fundi hakufika mwisho wa safari. Homa ilimchukua njiani, tukiwa Kamina, tukamzika kando ya reli.

Mwene-Ditu, huko Kasai, tulipokelewa na ndugu tusiowajua, waliocheka Kiswahili chetu na kutuita Wakatanga. Nilipata kazi ya kuendesha pikapu ya parokia, kubeba unga. Padre alinikataza kukimbiza. Niliendesha polepole miaka kumi na moja, na mke wangu, aliyeogopa mwendo wangu tangu Kolwezi, akazoea kukaa mbele.